Konsuli wa Avenyu Yetu

Hakupenda kuulizwa kwao ni wapi. Hapa Goma hilo ndilo swali la kwanza, linakuja hata kabla hujapewa kiti: wewe wa wapi, wa Masisi, wa Rutshuru, wa Butembo? Ukimuuliza yeye alikujibu, "Mimi wa darasa la Kilatini," kisha akakutazama juu ya miwani mpaka uone haya ya kuuliza. Watu wa Butembo walisema ni wa kwao, maana aliwatania kwa Kinande na hakukosea. Watu wa Rutshuru nao walisema ni wa kwao, walimsikia msibani akimfariji mama mmoja kwa Kinyarwanda kizito cha wazee. Mimi nimeishi naye avenyu moja miaka mingi, na kabla ya hapo alinisomesha sekondari, na sijui. Sitajifanya najua.

Tulimwita Muzee wa Kilatini hata wakati alikuwa hajawa mzee. Alikuwa mrefu, mkavu, koti la kijivu mvua na jua. Mji wetu umekaa juu ya mawe meusi ya volkano na vumbi lake linaingia mpaka ndani ya bugali, lakini viatu vyake viling'aa. Alivisugua kila asubuhi mlangoni, amesimama kwa mguu mmoja, na mke wake, Mungu amrehemu, alimcheka kutoka jikoni: "Baba, utaanguka, na hao Baroma yako habatakuja kukuokota." Mke akafa, na kicheko kile kikaisha pale nyumbani.

Mimi nauza viazi na kabeji za Kibumba kando ya barabara. Na bado najua kunyambua vitenzi vya Kilatini, wateja wanacheka. "Mama, Kilatini ilikusaidia nini?" Nawaambia imenisaidia kuwavumilia ninyi.

Darasani kwake hakukuwa na kiongozi wa darasa kama madarasa mengine. Kila mwanafunzi alikuwa na cheo cha Kiroma. Kwestori alitunza chaki na sifongo. Edile alisimamia ufagio na choo. Pretori aliamua ugomvi wa madawati. Juu yao wote walikaa konsuli wawili kwa wiki moja, na kila mmoja alikuwa na haki ya kukataa analotaka mwenzake. Wavulana wawili waliwahi kukataliana hadi tukasoma wiki nzima madirisha yamefungwa, jasho linatutoka, na Muzee amekaa kwenye kiti chake anafurahi kama mtu aliyeletewa samaki wa kuchoma. "Njo siasa hiyo," alisema. "Andikeni." Konsuli akiugua, mwingine aliingia kumalizia wiki yake. Huyo wa kumalizia ndiye aliyempenda kuliko wote, na hatukujua kwa nini mpaka alipotuletea habari za mtu wake.

Waroma wakubwa hakuwajali sana. Wale wenye sanamu na vita aliwapita haraka: "Hao, batu yote banawajua." Mtu wake alikuwa seneta mmoja asiyejulikana na yeyote, mwenye majina mengi yasiyoisha, na sisi tulimwita Konsuli, basi. Habari zake zote zimetoka kwenye jiwe moja la kuchongwa, na jiwe lenyewe limevunjika. Muzee alikuwa na picha ya jiwe hilo, imefifia, ameibandika juu ya ubao, na kutoka kwenye picha ile alitusomesha maisha ya mtu yule cheo kwa cheo. Tulimfahamu kuliko baba zetu.

Alianza kama kijana wa kusimamia barabara za mji. Akawa kwestori, akavuka bahari kwenda kutunza hazina ya gavana. Akawa mtetezi wa watu wadogo, cheo ambacho wakati ule kilikuwa kimebaki jina tu. Akawa pretori, akahukumu kesi. Akapewa jeshi mpakani, mahali pa baridi na ukungu, "kama Kibumba saa kumi na mbili asubuhi," Muzee akasema, na sisi wote tukajikunja. Akawa gavana wa jimbo lisilo na askari. Mwishoni akafika ukonsuli. Lakini si ule wa mwanzo wa mwaka, ambao mwaka wenyewe uliitwa kwa jina lako. Aliingizwa katikati, kumalizia miezi ya mtu aliyeondolewa. Na baada ya hapo? Wakamfanya mkubwa wa kingo za mto na mifereji ya maji machafu.

Darasa lilipasuka. Mkubwa wa mifereji! Tulimwimba mpaka mapumziko. Muzee hakucheka. "Mafuriko ikikuja," alituuliza, "mutamuita nani? Mutamuita musemaji?"

Kaisari mmoja alikufa, wa pili akaja akaua maseneta, wa tatu akaja akawaua marafiki wa wa pili. Konsuli alikuwemo wakati wote, kichwa chake kiko juu ya shingo. Alifanya nini mwaka ule wa kuuana? Alisema nini barazani? Hapo ndipo jiwe lilipovunjika. Na kila mwaka kwenye mtihani Muzee aliuliza swali moja: mtu huyu alikuwa mwoga au mwenye akili? Mimi niliandika mwoga, nikapata alama nzuri. Jirani yangu wa dawati aliandika mwenye akili, akapata zilezile. Tulimfuata mpaka kwenye lango la shule. Maître, jibu ni lipi sasa? "Nyinyi muko bado batoto," akasema, "kuleni mandazi yenu."

Alikuwa na neno lake la kila siku: ngoja kitenzi. Katika Kilatini kitenzi kinapenda kukaa mwisho, na mwanafunzi mwenye pupa anatafsiri kabla hajafika, anamuua asiyeuawa. Neno hilo akalitoa darasani akalileta mtaani. Redio ikisema mapatano yamesainiwa, watu wakashangilia, yeye: ngoja kitenzi. Kijana akileta mchumba nyumbani, mama mkwe ana furaha: ngoja kitenzi. Watu walichoka naye. Mekanisye wa pembeni, fundi wa pikipiki mwenye mdomo mchafu kuliko mikono yake, alimwambia siku moja, "Muzee, wewe hata ukifa utasema tungoje kitenzi kabla ya kuzika."

Wakati mmoja alitupeleka Rumangabo, kwenye makao ya hifadhi, tuone habari za gorila. Tulikuwa tumesubiri safari hiyo mwaka mzima, mama zetu wametupikia mayai. Tukafika, kuna bango lenye picha, na chini ya picha jina la gorila kwa Kilatini. Basi, safari ikaishia hapo. Alisimama mbele ya bango lile akatusomesha jina moja mpaka mlinzi aliyekuwa atutembeze akaenda kula. Gorila hatukumwona, hata ukucha. Tulirudi na mayai yetu na hasira zetu, naye mbele ya gari anaimba.

Usidhani alikuwa jasiri. Alituhubiria heshima, uso wima, mtu asiyeinama, lakini mbwa akibweka avenyu ya pili yeye alizunguka kwa njia ya kanisa. Ngurumo zilimtia chini ya meza. Na vyeo vile alivyovijua kwa kichwa, kwake havikuingia. Walimtaka awe prefe, mkuu wa shule, akakataa. Walimtaka kwenye baraza la parokia, akakataa. Hata kwenye harusi ya binamu yangu tulimwomba akae kiti cha mbele apokee wageni, akakimbilia nyuma kwa wapishi, tukamkuta anamenya ndizi.

Nilimuuliza. Nilikuwa mtu mzima tayari, na watoto wangu, na niliweza kumuuliza.

"Muzee, unasomesha batu kupanda, wewe mwenyewe unaikala chini. Ni nini?"

"Konsuli aliikala kwenye kiti ya mutu waliyemuondoa," alisema. "Mimi sitaweza. Nitashinda naangalia mulango."

Alisema hivyo akitabasamu, lakini si utani. Alimjua yule Mroma wake mpaka kwenye jasho, na alichojua kilimtosha.

Mtoto wangu wa kwanza alimpenda sana. Alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, anasoma sheria, kijana wa kubishana mpaka na sufuria, na Muzee alimpa cheo cha Pretori tangu utotoni. Jioni walikaa pale ukutani kwake wakigombana juu ya kesi za watu waliokufa zamani. Nilisikia sauti zao nikipika sombe, nikashukuru Mungu kwamba mwanangu ana mahali pa kupeleka mdomo wake.

Kisha mji ukapata wenyewe wapya. Sina haja ya kueleza sana, aliyekuwa hapa anajua na asiyekuwa hapa amesikia. Tulilala chini sakafuni, mizinga inapita juu, na tulipoamka kulikuwa na wakubwa wengine. Benki zikafungwa, kiwanja cha ndege kikafungwa. Waliokuwa kwenye mahema upande wa Lac Vert wakaambiwa warudi kwao, wakabeba mabati yao. Shefu wa avenyu yetu alikuwa amekimbia usiku wa kwanza, ameacha hata mbuzi wake.

Wakubwa wapya wakatuita mkutano. Walikuja watu wachache, wapole kabisa, silaha zimeinamishwa. Wakasema: chagueni shefu wenu wenyewe, sisi hatulazimishi mtu. Tukatazamana. Ukichagua wa Masisi, wa Butembo watasema wameuzwa. Ukichagua wa Butembo, wale wengine watasema huyu atatoroka. Kila jina lilikuwa na kabila ndani yake na kila kabila lilikuwa na maneno. Ndipo Mekanisye akasimama, akapangusa mikono, akasema: "Kuna mutu mumoja hapa, hakuna anayejua kwabo. Hakuna atakayesema ni wake, hakuna atakayesema ni adui."

Tulipumua sote kwa mara moja. Tuliona tumepata dawa. Tukapiga makofi, na kwetu makofi yakishapigwa mkutano umekwisha, watu wanashika viti vyao wanakwenda. Muzee alikuwa amesimama nyuma karibu na ukuta. Alifungua mdomo aseme hapana, neno alilolisema maisha yake yote, na yule mkubwa wao akamwendea, akampa mkono, akamwambia, "Pongezi, Muzee." Mbele ya mtu wa namna ile, na bunduki pale, nani anasema hapana? Mkono wake ulibaki ndani ya mkono wa yule mtu muda mrefu, kama ameusahau huko.

Lazima niseme alifanya kazi ile vizuri, hata kama moyo unakataa. Alianza na mifereji. Kweli! Jumamosi ya salongo, siku ya kila mtu kutoka na ufagio na jembe kusafisha mtaa, alitupanga edile na kwestori kama darasani, akina mama wazima, na mvua ilipokuja maji hayakuingia nyumba hata moja. Bomba la maji lililokauka miezi akalifuatilia mpaka likatoa. Aliamua ugomvi wa mabati na wa waume. Watu wakaanza kusema tumepata bahati.

Lakini wakubwa walikuwa wanataka kitu kingine, nao walikitaja kwa jina zuri. Mafunzo. Walitaka vijana wa kiume waende mafunzo. Mwanzo waliomba kwa upole. Muzee akawaambia vijana wameenda Kibumba kuvuna. Wakarudi. Akawaambia kuna ugonjwa wa tumbo, avenyu nzima inaharisha. Wakarudi tena. Akawaambia wazazi hawajakaa pamoja, kwetu hapa lazima wazazi wakae. Alikuwa anakuja kwangu baadaye, anakaa juu ya gunia.

"Nimebasukuma tena mbele kidogo," alisema.

"Na wakichoka kusukumwa?"

"Basi sijui, mama. Sijui. Konsuli alipata miaka kwa njia hii hii."

Nilitaka kumtoa mwanangu. Kwenda wapi? Butembo barabara imekatika na mstari wa vita uko katikati. Kupanda mashua kwenda Bukavu, huko nako ni walewale. Kuvuka mpaka, mlangoni wanatazama kila kijana usoni. Nilimficha chumbani siku kadhaa mpaka akanikasirikia, akasema, "Mama, mimi si kuku." Nikamwacha atoke. Mtu unafanya nini? Unapika, unaomba, unauza viazi.

Jumamosi ile walikuja katikati ya salongo. Hawakuja na upole. Walisema nyumba zote zitoe vijana, wasimame kando ya ukuta wa kanisa, na wakasimama na mafagio yao mkononi. Wana wawili wa Mekanisye walikuwepo, mtoto wa shemasi, kijana wa moto, ile pikipiki ya kubeba wateja wangu, na wengine, na wangu. Mkubwa wao akamwita Muzee mbele yetu wote.

"Muzee, umetuchezea vya kutosha. Leo chagua mumoja, wewe mwenyewe. Ukishindwa, tunabeba bote."

Hakuna mtu aliyelia. Nataka watu wajue hilo. Tulikuwa akina mama ishirini na kitu na majembe mikononi, na hakuna aliyeinua hata jiwe, na mawe hapa ndiyo tunayo mengi. Muzee alisema, "Bakubwa, munipe mupaka kesho." Yule akatikisa kichwa. Muzee akasema, "Basi munibebe mimi." Wakacheka, si kwa ubaya, wakacheka kweli, mzee wa namna ile atabeba nini.

Akaanza kutembea mbele ya mstari. Alitembea polepole, hakuwa anaangalia vijana. Alikuwa anatuangalia sisi, wazazi, mmoja mmoja. Macho yake yalipita kwa Mekanisye, yakapita kwa mke wa shemasi, yakafika kwangu, yakakaa. Mimi, mjinga, nikadhani ananiambia usiogope. Kisha akageuka akaweka mkono begani mwa mwanangu.

Mwanangu hakubishana. Yeye wa kubishana mpaka na sufuria! Alimpa Muzee ufagio, akapanda gari, akanitafuta kwa macho, na gari likaondoka. Nilisema jina lake. Sijui kama nililisema kwa sauti.

Watu walikuja kwangu kama wanavyokuja msibani, lakini si msiba, kwa hiyo hawakujua waseme pole au wasiseme. Waliweka maharage na sabuni mlangoni. Hakuna aliyemlaumu Muzee. Wangemlaumuje, kila mmoja alikuwa anamshukuru moyoni, na niliiona shukrani hiyo machoni mwao walipokuwa wananikumbatia, nikachukia mikono yao. Simu ya mwanangu imezimwa tangu siku ile. Kila siku napiga. Yule mama wa kwenye simu anasema kwa Kifaransa kwamba hapatikani, na mimi namjibu.

Muzee hakupita tena mbele ya meza yangu. Alizunguka kwa njia nyingine, akatuma watu kununua. Wiki zikaenda. Kisha mchana mmoja, jua kali, barabara haina mtu, nikainua kichwa nikamkuta amesimama.

"Viazi," akasema.

Nikamfungia fungu. Na mkono wangu, kwa mazoea tu, ukaongeza matabishi, viazi viwili vya juu vya bure, kama kwa mteja yeyote mzuri. Niliuona unafanya hivyo, nikaukasirikia mkono wangu mwenyewe. Hapo ndipo nilipopata sauti.

"Muzee. Ju ya nini wangu?"

Hakujifanya hajasikia. Alishika mfuko wa viazi kwa mikono miwili.

"Mekanisye angekuja na nyundo jioni ile ile," alisema. "Bale ba shemasi bangehama asubuhi, na bakubwa bangesema nimebatorosha. Mama ya ule kijana ya moto hana mwingine, angekufa."

"Na mimi?"

Alikuwa analia, lakini bila sauti, na hakupangusa.

"Wewe nilikusomesha. Nilibaangalia bote usoni. Nikaona ni wewe peke yako, ata nikifanya ile kitu, utakuwa ungali unanisalimia."

Nilitafuta tusi. Ninayajua matusi, nimekaa sokoni miaka mingapi. Hakuna hata moja lililotoka. Aliweka pesa mezani akaenda, na mimi nikakaa juu ya gunia nikaapa kwa jina la mtoto wangu: siku akipita tena nitamgeuzia mgongo, avenyu nzima ione.

Alipita kesho yake asubuhi. Watu walikuwa wengi, wanangoja kabeji. Alikuwa upande wa pili wa barabara, anatazama chini, wala hakuwa anatarajia kitu.

"Jambo, Muzee," nikamwambia.